Aliyelala Mtaroni Hollinby

Skelby, Yorkshire
31 Agosti 1999

Mdogo wangu Duncan,

Natumai hujambo huko Nova Scotia, Kanada, wewe na mkeo Noreen na huyo mbwa wenu mnayemlisha kuliko watu. Sisi tupo, ukiacha goti la Mama, ambalo siku hizi ndilo mada ya kila mlo. Daktari kamwambia apunguze kupanda ngazi, naye kamjibu daktari apunguze tumbo. Trevor amevuna nyanya ishirini na moja na anatembea kifua mbele kana kwamba analisha wilaya nzima. Harriet alitimiza miaka kumi na saba mwezi wa Julai. Asante kwa kadi, ingawa ilifika Agosti kama kawaida yako.

Sasa nikuambie jambo, na usinifokee. Jana tulikwenda Hollinby.

Najua nilichoapa. Tangu tumzike kaka yetu Colin sikukanyaga uwanja ule, miaka ishirini na miwili, hata basi likipita njia ile nilikuwa nageuza uso. Lakini Trevor alishinda tiketi za familia kwenye bahati nasibu ya kanisa, Harriet akarukaruka kama mtoto, na Mama, ambaye nilidhani ndiye atakayekataa, akasema, "Twendeni. Sitaki kufa nikiwa naogopa nyasi." Nikabaki mimi peke yangu ndiye mbaya. Nikafunga sandwichi.

Pamekua, Duncan. Enzi zetu yale maonyesho ya kuigiza vita vya kale yalikuwa na vikosi viwili na gari la aiskrimu. Siku hizi wanamwalika kila aliyewahi kushika silaha duniani. Unaingia getini unakutana na Warumi, mmoja anakula chipsi nyuma ya ngao. Ukivuka kamba uko kwa Waviking wanaouza pembe za kunywea bia, kisha wapiga mishale, kisha watu wetu wa vita vya Mfalme na Bunge, kisha askari wa makoti mekundu waliopigana na Wafaransa, na mwisho kabisa wauguzi wa vita vya 1940 wanagawa chai kwenye vikombe vya bati. Mama aliketi kwa wauguzi akasema chai ndiyo kitu pekee cha kweli uwanja mzima. Trevor alitupotea saa nzima, tukamkuta anabishana na Mrumi kuhusu ujenzi wa barabara.

Kikosi chetu cha zamani bado kipo. Wanamwazima mavazi yeyote aliyevuka miaka kumi na sita, wanamfunza mkuki asubuhi, mchana anaingia vitani. Trevor, kama baba, alimtilia Harriet sahihi nikiwa kwenye foleni ya choo. Niliporudi nilimwambia maneno ambayo posta ya Malkia haistahili kuyabeba.

Sheria hazijabadilika. Ukichoka, unakufa. Ukifa, unalala ulipo, husemi, hutikisiki, mpaka kamanda apige kelele, "Wafu, inukeni!" Hapo wote mnasimama, mnavua kofia, watu wanapiga makofi. Harriet alikufa mapema, mvivu kama baba yake. Kamanda alipoita wakainuka wote, naye akawa wa mwisho, tena hakuvua kofia. Alikuwa anazunguka pale pale akitazama chini kama aliyedondosha hereni.

Ndani ya gari akaniuliza, "Mama, yule mwenzangu kaenda wapi?"

"Mwenzako nani?"

"Niliyekufa naye. Alikuwa ubavuni kwangu kabisa. Mtu gani yule, anaongea muda wote! Nilimwambia anyamaze, si ndiyo sheria? Na mavazi yake, jamani. Gambuti zimekatwa juu, zimepakwa rangi ya kahawia eti ni viatu vya ngozi. Asubuhi mkaguzi wa mavazi alimtoa mtu kwa sababu ya saa ya mkononi. Huyu alipitaje?"

Trevor akacheka. Mama yetu, huko nyuma, akaomba niteremshe kioo kwa sababu anataka hewa.

Duncan, nani anavaa gambuti zilizokatwa kwenye maonyesho siku hizi? Sisi tulivaa kwa sababu hatukuwa na kitu. Mama alizikata kwa kisu cha mkate juu ya meza yetu, jozi mbili, yako na ya Colin, nami nikashika kopo la rangi. Harriet hajawahi kuambiwa hayo. Picha za siku zile Mama alizichoma zote, na mimi nilisimama pale nikitazama.

Wewe siku ile Colin alipokufa ulikuwa kwenye mizinga, upande mwingine wa uwanja, hivyo najua hukuona. Lakini labda uliwahi kusikia kwa wenzako. Colin alisema chochote kabla hajafa? Kuna aliyemsikia?

Dada yako,
Lorna


Port Mallet, Nova Scotia
27 Septemba 1999

Dada Lorna,

Salamu kwenu nyote, na pole nyingi kwa goti la Mama. Mwambie asugue mafuta ya aina yoyote yenye harufu mbaya, husaidia hata kufukuza wageni. Barua yako ilifika wiki tatu zilizopita. Nimekuwa nikiipita pale mezani kila asubuhi nikienda kuwasha basi la shule, nikisema jioni nitaijibu. Unanijua.

Huku majani yameanza kugeuka. Noreen ametengeneza chupa arobaini za jemu na amezipanga mpaka chini ya kitanda. Mbwa amezeeka, ananuka, ana furaha kuliko mimi. Nimepewa njia mpya ya basi, inapita ufukweni, na watoto wa huko wana adabu zaidi kidogo kuliko wale wa mwanzo, ingawa mmoja aliniuliza kama nilizaliwa na hasira au nilijifunza.

Kuhusu ile habari ya Harriet. Lorna, mtoto amelala juani nusu saa na koti la sufu na kofia ya chuma. Mimi mwenyewe ningeona malaika. Na gambuti zipo kila zizi la Yorkshire, huenda mtu wa jirani alijiingiza bila kukaguliwa. Msiitie chumvi hiyo hadithi.

Colin moyo wake ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo. Ulisimama, basi. Daktari alisema ilikuwa haraka na hakusikia maumivu. Mimi nilikuwa kwenye mizinga, nilimwambia yule ofisa aliyechunguza kifo, nikamwambia Mama, na wewe nakuambia tena: sikusikia kitu, wala sijui aliyesikia.

Ila nakuomba neno moja, na mimi si mtu wa kukuomba maneno. Usimwache arudi. Kama anapenda kuvaa nguo za ajabu, ajiunge na Warumi, wale wanakaa tu na kula chipsi. Asilale tena kwenye ule mtaro.

Noreen anasema jemu zinakuja kwa posta. Zikivunjika si kosa letu.

Mdogo wako,
Duncan


Skelby
14 Oktoba 1999

Duncan,

Jemu zimefika mbili nzima na moja maji. Mshukuru Noreen. Mama anakusalimu. Trevor ameanguka kwenye banda lake la nyanya, hakuumia ila heshima.

Nimekupigia simu mara tatu. Kila mara Noreen anasema umetoka na mbwa. Mbwa mzee anayenuka anatembezwa mara tatu kwa siku? Haya.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Mimi sikukuandikia habari ya mtaro wowote. Nimejaribu kukumbuka, nikidhani labda niliandika nikasahau. Nilikwambia Harriet alikufa, nikakwambia alilala, sikusema wapi. Ilibidi nimuulize yeye mwenyewe, akanijibu, "Kwenye ule mtaro mkavu chini ya ua wa miiba, palikuwa na kivuli." Colin naye aliokotwa mtaroni. Lakini wewe ulimwambia kila mtu kwamba ulipofika alikuwa ameshabebwa mpaka kwenye hema la huduma ya kwanza, na hukuwahi kuuliza alilala wapi. Umejuaje? Siulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu nina shida, na shida yenyewe ni hii.

Harriet amejiunga na kikosi rasmi. Hakutuomba, alitujulisha. Na tangu Agosti mkono wake wa kushoto ni wa baridi. Sisemi kwa kupamba. Ukiushika ni kama umeshika nyama iliyotoka kwenye friji, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kucha, na kucha zimekuwa rangi ya samawati. Amevunja sahani nne kwa sababu vidole havishiki. Nimempeleka hospitali mara mbili. Niliwaambia habari ya Colin, wakampima moyo kwa mashine zote walizonazo, moyo ni mzima. Mkono pia eti ni mzima. Ameacha kula vizuri. Anakaa dirishani amevaa glavu moja.

Juzi nilimkalisha jikoni nikamwambia hatoki mpaka anieleze yule mtu alisema nini hasa. Nakuandikia kama alivyosema.

"Alianza kwa kupumua vibaya. Nikadhani anaigiza kufa, nikasema moyoni, huyu anajua. Kisha akasema, 'Naumwa. Siigizi.' Mama, watazamaji walikuwa karibu kabisa, hatua tatu tu, kuna mama ana mtoto kwenye kigari. Nikaona atatuharibia. Nikamwambia, 'Shh. Maiti hasemi.' Ndivyo walivyotufundisha asubuhi. Akanigeukia. Akaniambia, 'Na wewe pia?'"

"Kisha?"

"Kisha akaomba kitu. Mizinga ikalia, sikukisikia. Akaomba tena. Sikumjibu, Mama. Nilifumba macho nikajifanya nimekufa."

Na sasa, Duncan, hataki kusikia la mtu. Tarehe nne Desemba, Jumamosi, kikosi kina mkusanyiko wa mwisho wa mwaka, uwanja ule ule. Anasema atalala pale pale, safari hii atasikiliza, na chochote alichoombwa atakitoa. Nimemkataza, baba yake amemkataza, nimeficha mavazi, wamemwazima mengine. Akaniambia, "Mtu kaniomba kitu nami nikamwambia anyamaze. Wewe ungekaa ukala chakula?"

Naogopa. Sijui ni nini kile kinacholala mtaroni. Kama ni kaka yangu, nilimpenda, lakini sitampa binti yangu.

Kwa hiyo niambie Colin aliomba nini. Nikimwambia Harriet ni kitu gani, hatakuwa na sababu ya kwenda kukiuliza. Kama ulikuwa kwenye mizinga kweli, niandikie hivyo tena, nitakuamini na sitauliza mpaka nife. Ila niandikie upesi.

Lorna


Port Mallet
22 Novemba 1999

Dada,

Noreen hajambo. Mbwa hajambo. Theluji imeanza. Habari zangu zimeisha, nilikuwa natafuta nyingine nimezikosa.

Sikuwa kwenye mizinga.

Asubuhi ile baruti ya mzinga wetu ililowana, wakatuambia tukae bila kazi. Mimi nikatoroka nikaenda kumtafuta Colin kwenye mikuki, bila ruhusa, kwa utani. Tukapigana kidogo, akasema amechoka, tufe. Tukachagua mtaro kwa sababu ya kivuli. Tulilala mabega yamegusana, tunacheka, mimi nimefunika uso kwa kofia ili sajenti wangu asinitambue.

Kisha akasema, "Duncan, naumwa. Siigizi."

Mimi nikacheka zaidi. Colin alikuwa anaigiza tangu kuzaliwa, unakumbuka alivyojifanya amekabwa na mfupa siku ya harusi yako. Akasema tena. Watu walikuwa pale kwenye kamba, karibu sana. Nikamwambia, "Nyamaza. Maiti hasemi."

Akasema, "Nishike mkono."

Mara tatu, Lorna. Mara ya tatu sauti ilikuwa imeshuka, nikaisikia kwa sababu tu sikio langu lilikuwa karibu na mdomo wake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na wenzangu wa mizinga walikuwa wamekaa kwenye ukingo wanatazama. Niliona wataniimba mwaka mzima, ndugu wawili wa ukoo wetu wa Garbutt wameshikana mikono mtaroni. Yeye alikuwa ameshaunyoosha wake, uliniparaza. Nikauvuta wangu wa kushoto nikaulalia kwa tumbo.

Akanyamaza. Unajua niliwaza nini? Niliwaza, afadhali, hatimaye amejifunza kufa.

Kamanda akaita wafu, mimi nikachomoka mbio kwenda kwenye hema la bia kabla sajenti hajaniona. Sikumtazama. Nikiwa kwenye hema nikasikia makofi hayaishi, watu wanacheka na kupiga miluzi. Nikachungulia. Colin bado amelala, na Stan Uttley, mwenzake wa mikuki, anammwagia bia usoni ili aache utani. Walikuwa wanampigia makofi, dada. Kuna mtu alisema, "Huyu apewe zawadi." Mimi nilikuwa na glasi mkononi na nilicheka pamoja nao. Wewe na Mama mlikuwa mnanunua keki.

Baada ya hapo nilisema nilikuwa kwenye mizinga. Nilimwambia wa kwanza, likatoka rahisi. Kila aliyefuata likatoka rahisi zaidi. Nikaja huku.

Sasa sikiliza. Sijui ni nini alichokiona Harriet na sitaki kubishana nawe kama ni yeye au si yeye. Lakini asimpe mkono. Mfungie ndani, yamwagie maji mavazi, mvunje mguu kama inabidi. Mkono ule hakuombwa yeye.

Ningekupigia simu, ila najijua. Nikisikia sauti yako nitaanza kukuelezea theluji. Hii nimeiandika siku nne na leo naipeleka posta mwenyewe kabla sijaichana.

Duncan


Skelby
8 Desemba 1999

Duncan,

Barua yako imefika juzi Jumatatu. Jumamosi ilikuwa imeshapita.

Harriet yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua unasoma umesimama. Kaa chini.

Tulikwenda naye, mimi na Mama. Trevor alikataa kuangalia, akabaki kwenye gari na redio. Palikuwa na barafu juu ya nyasi, uwanja mzima mweupe, na ukungu ambao haukutaka kuondoka ingawa ilishafika saa nane mchana. Warumi walikuwa watano tu, wamevaa soksi. Watazamaji labda sitini. Nilisimama kwenye kamba mbele kabisa, nina chupa ya chai ya Mama mkononi, nikamwona Harriet anaingia na wenzake, anapigana kidogo kwa heshima tu, kisha anaacha mkuki na kutembea. Hakuanguka. Alitembea mpaka mtaroni akalala taratibu, kama mtu anayeingia kitandani kwenye chumba chenye mgonjwa.

Vita vilichukua robo saa. Sikuviona. Nilikuwa natazama buti zake tu, ndizo zilizoonekana.

Kamanda akaita, "Wafu, inukeni!" Wakainuka, wanajipangusa, wanavua kofia. Makofi. Buti hazikutikisika.

Mwanamume aliyekuwa ubavuni kwangu akacheka na kumwambia mkewe, "Yule binti anaigiza vizuri, eh?" Na watu wakaanza, Duncan, wakaanza kupiga makofi upya, kwa ajili yake, na mmoja akapiga mluzi.

Niliruka kamba. Mimi, na umri huu, na sketi. Msimamizi ananifuata akipiga kelele, "Mama, rudi nyuma ya kamba, hairuhusiwi!" Nikamtupia ile chupa. Sijui kama ilimpata, na wala sijali.

Harriet alikuwa amelala chali, macho wazi, amenyoosha mkono wa kushoto pembeni, kiganja juu. Hapumui kwa namna ya kuonekana. Ubavuni kwake, ule upande wa mkono, palikuwa na nafasi ya urefu wa mtu ambapo barafu haikushika. Nyasi mbichi, kijani, zimelala chini. Pembeni pote peupe. Niliona kwa macho yangu, na Mama, ambaye alinifuata na goti lake lile, ameona pia.

Nilimpiga makofi ya uso, nikamwita jina, nikampiga tena. Akapepesa macho. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi.

Akasema, "Mama, nimempa. Alichokuwa anaomba ni mkono. Nikampa, akaushika. Akaupapasa, kidole kimoja kimoja. Halafu akauachia."

"Alisema kitu?"

"Alisema, 'Si huu.'"

Mkono wake ni wa moto sasa. Ulipata joto tukiwa bado ndani ya gari, alilia kwa jinsi ulivyokuwa unawasha. Anakula kama kikosi kizima na leo asubuhi amenijibu ufidhuli, nikamshukuru Mungu. Hataki kurudi kule. Anasema hana haja na yule mtu tena, wala yule mtu hana haja naye.

Barua yako niliifungulia jikoni. Sikukusudia Mama aione, ila alikuwa mezani anamenya viazi, akautazama uso wangu, akasema, "Amesema?"

Nikamuuliza, amesema nini.

"Kwamba alikuwa naye. Nilifua makoti yote mawili jioni ile, Lorna. Watu walikuwa wamejaa sebuleni wanalia, mimi sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikafua. Yote mawili yalikuwa na udongo mwekundu wa mtaro, mgongoni. Kule kwenye mizinga ni changarawe."

"Miaka yote hii, Mama?"

"Nilikuwa namngoja aniambie mwenyewe. Nilidhani itakuwa wiki moja."

Kisha akaendelea kumenya. Viazi vilikuwa vimeshatosha, akaendelea.

Nimekukasirikia, Duncan. Nimekukasirikia mpaka nikatoka nje nikaenda kupiga teke banda la Trevor. Si kwa ajili ya mkono. Ulikuwa mtoto, na ukinyamazisha mtu kwa sababu umefundishwa kunyamazisha, sijui nani wa kulaumiwa. Nimekukasirikia kwa ajili ya kila Krismasi uliyotuma kadi yenye picha ya theluji. Halafu nimekulilia, nimeililia hiyo glasi ya bia mkononi mwako, kwa sababu mimi nilikuwa na keki.

Sikwambii uje, wala sikwambii usije. Harriet alitaka niandike kitu kimoja, nami nimekataa siku mbili, ila anasema ni haki yako. Anasema yule mtu hakuonekana kuwa na hasira. Anasema aliposema "Si huu" alirudi kulala vile vile alivyokuwa, amenyoosha mkono.

Lorna


Port Mallet
19 Desemba 1999

Dada Lorna,

Mbusu Mama. Usimwambie lingine lolote, nitamwambia mwenyewe, mezani kwake, kuanzia mwanzo, hata kama analijua. Mwambie Harriet mjomba wake hana la kusema ila asante, na samahani.

Noreen amesoma barua zote. Kesho yake akaniuliza kama nataka aje nami. Nimemwambia abaki na mbwa. Amenishonea kifungo cha koti na hakuniangalia.

Nimewaandikia kikosi. Mkusanyiko wa kwanza ni likizo ya mwanzo wa Mei, na wanamkaribisha yeyote aliyewahi kuhudumu. Nitafika wiki moja kabla. Sitakuomba unipokee kwa furaha, ila kama Trevor anaweza kuja uwanja wa ndege nitashukuru, tena atanieleza habari za nyanya na sitalazimika kuongea.

Siku yenyewe nakuomba usimame kwenye kamba, hapo hapo uliposimama. Nitaingia na mikuki, nitachoka mapema, umri umeenda. Nitalala upande ule ule niliolala, na safari hii mkono wangu utakuwa nje.

Kamanda akiita wafu wainuke, wote watasimama, na huenda mimi usinione nikiinuka. Watu watapiga makofi. Waache wapige. Usiruke kamba haraka, dada, na mzuie Mama. Nimekuwa nikimnyamazisha Colin miaka ishirini na miwili. Nataka nimsikilize mpaka amalize.

Ndugu yako,
Duncan